Tuache kuwauliza walioibiwa kwani hawakuona

Kila mtu anapoibiwa pesa kwenye akaunti yake ya mtandaoni, kuna swali linalotangulia hata pole: "Kwani hukuona?" Nimelisikia kwenye matatu, kwenye foleni za benki, na hasa katika makundi ya WhatsApp ya vijana wanaoishi kwa kazi za mtandaoni. Mmoja anabandika picha ya barua pepe iliyomwingiza mkenge. Kabla ya yeyote kuuliza zimekwenda shilingi ngapi, wenzake washaanza kumchambulia: tazama hapa herufi imegeuzwa, tazama pale anwani ndefu namna hii ya nini? Mjuaji wa kundi hamalizi bila kutupia vicheko vitatu vya manjano. Aliyeibiwa anafuta ujumbe wake, na haupiti muda utasikia ameondoka kundini.

Swali lile ni baya, na ubaya wake haupo kwenye adabu peke yake. Limejengwa juu ya dhana ya uongo, kwamba mwenye macho makali haibiwi. Msimamo wangu ni huu: anayelinda pesa zake kwa ukali wa macho ataibiwa tu, ikiwa si leo ni mwakani. Kinachomwokoa mtu ni utaratibu anaoufuata hata siku ambayo amechoka, ana njaa na mtoto analia mgongoni. Na zile taasisi zinazotutumia matangazo ya "kuwa makini" kisha zikakunja mikono zinatupa kinga ambayo zenyewe zinajua haikingi.

Hofu aliyoikuta tayari

Tuanze na PayPal, maana kwa Wakenya wengi wanaofanyia kazi wateja wa ng'ambo huko ndiko mshahara unakoingilia. Tangu Aprili 2018 inawezekana kuzitoa pesa hizo moja kwa moja hadi M-Pesa. Anayenukuu sauti za mikutano ya Wamarekani akiwa chumbani kwake Kisauni, au anayechora nembo za maduka ya Ulaya akiwa Rongai, huzipokea dola zake na kuzigeuza kodi ya nyumba, tokeni za stima na karo.

Mtu huyo ana hofu moja ambayo mwajiriwa wa ofisini haijui: akaunti kuwekewa vikwazo. Wala si hofu ya kubuni. PayPal inaweza kuzizuia pesa zako hadi siku 180 inapotilia shaka akaunti. Miezi sita! Mwenye nyumba yupi atangoja miezi sita?

Sasa mchukue yule binti wa Kisauni mwisho wa mwezi. Inaingia barua pepe: akaunti yako imewekewa vikwazo, thibitisha taarifa zako ndani ya saa 24. Tapeli hakuiumba hofu hiyo, ameikuta tayari. Kwenye simu, jina la mtumaji linaonekana kwa maandishi mazito, "PayPal". Anwani yenyewe imefichwa, haionekani mpaka uguse yale maandishi madogo chini ya jina, na ni nani anayeyagusa akiwa amesimama stejini? Anabonyeza. Ukurasa unaofunguka ni ule ule anaoujua, rangi ile ile na nembo ile ile, kwa sababu kunakili sura ya ukurasa ni kazi ya dakika chache. Kufuli dogo aliloambiwa alitafute lipo juu, kwa kuwa siku hizi cheti cha kufuli hilo hutolewa bure, na maana yake ni kwamba njia kati yako na tovuti imefungwa wasichungulie watu wengine. Halisemi lolote kuhusu aliyeketi upande wa pili.

Anaandika nywila. Ukurasa unamwomba tarakimu sita. Tarakimu zinaingia kwa SMS, na zimetoka PayPal kweli, zimejipanga chini ya zile za mwezi jana. Anazijaza. Wakati huo huo programu ya tapeli inazipokea na kuzipeleka kwenye tovuti halisi kabla muda wake haujaisha. Kisha ukurasa unamshukuru, unamwambia akaunti imerejeshwa, na kumpeleka kwenye tovuti ya kweli ya PayPal. Binti anashusha pumzi. Usiku huo analala usingizi wa pono.

Nakuuliza wewe mjuaji wa kundi: hapo alipaswa kuona nini?

Herufi moja, tena halali

Utanijibu kwamba angetazama anwani. Haya, tuitazame. Mwaka 2000, PayPal ikiwa bado changa, matapeli walifungua tovuti iliyoitwa paypai.com. Herufi ya mwisho ya jina ilikuwa "i", lakini ukiiandika kwa herufi kubwa inafanana na "l" ndogo, na wateja waliosoma haraka waliingia wakaacha nywila zao. Robo karne imepita na mbinu ni ile ile, ila imeongezewa manjonjo. Kuna "a" ya alfabeti ya Kirusi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuitofautisha na ya kwetu. Kuna anwani ndefu zinazoanza kwa paypal.com, kisha nukta, kisha maneno mengine. Mmiliki wa kweli ni yule anayetajwa mwishoni, karibu kabisa na mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Kwenye kioo chembamba cha simu mwisho huo unaweza kukatwa.

Kisha kuna jambo ambalo lingekuwa kichekesho kama lisingegusa pesa za watu. Huduma halali ya kutoa pesa PayPal kwenda M-Pesa, ilipoanzishwa, ilikaa kwenye anwani ya paypal-mobilemoney.com. Mwalimu yeyote wa usalama wa mtandao angekuambia uikimbie anwani ya namna hiyo: jina la kampuni, kistari, maneno ya ziada. Na bado ndiyo iliyokuwa ya kweli. Tunamfundisha mteja alama za utapeli, kisha wakubwa wanazivaa wao wenyewe. Akichanganyikiwa, kosa ni la nani?

Hata hapo hatujafika penye utelezi zaidi. Kwa miaka kadhaa sasa matapeli wamekuwa wakifungua akaunti za kweli za PayPal na kuzitumia kutuma ankara za kweli. Barua pepe inatoka service@paypal.com, anwani halisi ya kampuni. Vichujio vya Gmail vinaipitisha kwa sababu kweli imetumwa na PayPal. Ukifungua akaunti yako unaiona ankara hiyo humo ndani. Utapeli umejificha mahali pamoja tu, kwenye kile kisanduku ambacho muuzaji humwandikia mteja maelezo: umetozwa dola mia kadhaa, kama si wewe uliyenunua piga simu namba hii haraka. Namba ni ya tapeli. Ukipiga unapokewa na sauti ya upole inayokuelekeza uweke programu ya kuiendesha kompyuta yako kutoka mbali, na kuanzia hapo wewe ni mtazamaji wa akaunti yako mwenyewe. Aliyekagua kila kitu kwa macho amekuta kila kitu sawa, na bado ameibiwa.

Zamani angalau tulikuwa na lugha. Barua ya tapeli ilijaa makosa, Kiingereza cha kuungaunga na Kiswahili cha kutafsiriwa ovyo, tukacheka tukafuta. Leo programu za akili unde zinamwandikia Kiswahili sanifu kuliko baadhi yetu tunaolipwa kwa kazi hiyo.

Waliosoma nao wanalia

Kama bado unaamini kuibiwa ni ushamba, sikiliza kisa cha Evaldas Rimasauskas, raia wa Lithuania. Kati ya 2013 na 2015 alijifanya ni kampuni ya Quanta Computer ya Taiwan, mtengenezaji wa kweli wa mitambo, akatuma barua pepe na ankara za uongo kwa Google na Facebook. Zikamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani mwishoni mwa 2019, kifungo cha miaka 5. Mmoja wa hao aliowaibia, Google, ndiye anayetutengenezea vichujio vya barua pepe.

Au John Podesta, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton. Machi 2016 alipata barua iliyodai kwamba Google inamtaka abadilishe nywila. Hakukurupuka. Wasaidizi wake walimuuliza mtaalamu wa kompyuta wa kampeni, na mtaalamu akajibu kwamba barua ile ni halali, jibu ambalo baadaye alisema aliteleza katika kuliandika, alikusudia kinyume chake. Barua pepe za Podesta zikaishia WikiLeaks. Ofisi yake ilikuwa makini, iliuliza, ilikuwa na mtaalamu wa kulipwa. Binti wa Kisauni ana nini?

Jifunze kwa Google walichofanya kwa wafanyakazi wao. Hawakuwaambia wakodoe macho zaidi. Mwanzoni mwa 2017 waliwataka wote watumie ufunguo mdogo wa kuchomeka kwenye kompyuta kila wanapoingia kazini, na mwaka uliofuata kampuni ikasema kwamba kati ya wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 hakuna hata mmoja aliyethibitika kunaswa kwenye akaunti ya kazi. Siri ya ufunguo ule ni rahisi: unaikagua anwani ya tovuti wenyewe. Tovuti ikiwa ya bandia haufungui, hata mwenyewe akiwa ameshaamini kwa moyo wote. Mwanadamu kaondolewa kwenye kazi asiyoiweza.

Utaratibu wa mtu wa kawaida

Ufunguo wa namna hiyo una bei, lakini kazi yake sasa inafanywa na simu nyingi bila malipo. PayPal, Google na wengine wamekuwa wakileta njia ya kuingia kwa alama ya kidole au uso, ambapo simu yenyewe huhakikisha kwanza kwamba tovuti ni ile iliyosajiliwa. Ikiwa akaunti yako inakuruhusu kuiwasha, iwashe leo jioni. Kama haijakufikia, iache simu au kivinjari kitunze nywila zako na kikujazie. Watu wengi huiona huduma hiyo kuwa ya wavivu, nami naona ndiyo mlinzi mwaminifu kuliko jicho. Ukifika kwenye tovuti bandia haikujazii, kwa sababu haiitambui anwani. Siku simu ikikataa kujaza nywila mahali ambapo hujaza kila siku, usiibishie. Toka.

Sheria inayozidi zote haihitaji hata teknolojia. Akaunti ya pesa haiingiwi kwa kiungo ulichotumiwa, hata kiwe cha kweli namna gani. Umeambiwa akaunti ina vikwazo? Funga barua, fungua app mwenyewe, utazame. Kama kuna vikwazo vitaonekana humo, na kama havionekani barua ile haikuwa na shughuli nawe. Umeletewa ankara usiyoijua? Usipige namba iliyoandikwa ndani yake. Ukifuata sheria hii huna haja ya kujua barua ipi ya kweli na ipi ya uongo, na kutokuwa na haja hiyo ndiko usalama. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee, na saa 24 za tapeli zimewekwa makusudi ili usikumbuke maneno yao.

Nikae kidogo kwenye barua pepe yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wengi wamejiacha wazi. Utamkuta mtu ana nywila ngumu ya PayPal na PIN ya M-Pesa asiyomwambia hata mke, lakini Gmail yake ina nywila aliyofunguliwa saiba mwaka ule anaomba mkopo wa HELB, jina lake na mwaka wa kuzaliwa. Hajui kwamba anayeshika Gmail ameshika vyote. Anabonyeza "nimesahau nywila" kwenye PayPal, kwenye benki, kwenye tovuti ya kazi, na kila barua ya kubadilisha inamfikia yeye. Matapeli wenye subira hufanya jambo moja zaidi: huingia kwenye mipangilio na kuamuru barua zako zote zitumwe nakala kwao, au zile zenye neno PayPal ziruke kikasha na kwenda moja kwa moja kwenye takataka. Unaweza kubadilisha nywila na bado wakaendelea kukusoma. Fungua mipangilio, tazama sehemu ya kusambaza barua na ya vichujio, na tazama orodha ya vifaa vilivyoingia. Ukikuta simu usiyoijua, itoe.

Na zile tarakimu sita zisije kwa SMS ikiwa una njia nyingine. Wizi wa laini umeshawaliza Wakenya wengi, mtu anaamka simu haina mtandao, laini yake imehamia mfukoni mwa mwingine na SMS zote zinaingia huko. App ya uthibitisho inayokaa ndani ya simu yako haihami na laini. Lakini nisikudanganye: hata tarakimu za app ukizijaza kwenye tovuti bandia zitaibwa vile vile. Ndiyo maana sheria ya kiungo inatangulia.

Aibu ni mtaji wa tapeli

Turudi kwa mjuaji na vicheko vyake, kwa kuwa vina gharama inayolipwa majumbani. Mtu akijua atachekwa, hasemi. Mume anafichia mke, mweka hazina wa chama anawafichia wanachama, anakopa Fuliza kuziba pengo, kisha anakopa app nyingine kuilipa Fuliza. Mwezi wa tatu karo haijalipwa na hakuna anayejua kwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumba nyingi huumizwa zaidi na huo ukimya kuliko na pesa zilizoibwa.

Tena saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Katika saa hiyo nywila ya barua pepe inaweza kubadilishwa, vifaa vyote vikatolewa, benki na PayPal zikaarifiwa kupitia app zao zenyewe, muamala ambao haujakamilika ukazuiwa. Barua ya utapeli hutumwa kwa phishing@paypal.com, SMS za utapeli kwa wateja wa Safaricom hupelekwa 333 bila malipo, na DCI wana namba ya bure, 0800 722 203. Anayeona aibu huitumia saa hiyo kukaa kitandani akijiuliza atamwambia nani.

Kwa hiyo wewe mwenye kundi la WhatsApp, iwe la kanisa, la wazazi au la wafanyakazi, una uwezo mkubwa kuliko unavyodhani. Mtu akisema ameibiwa, swali la kwanza liwe: "Umebadilisha nywila ya barua pepe?" Uchambuzi wa herufi utasubiri.

Nani abebe hasara?

Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 iliutaja wizi huu kuwa kosa linalojitegemea, faini isiyozidi Sh300,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Ni vizuri, lakini faini inakwenda serikalini. Mwenye nyumba haipokei kama kodi. Kwetu aliyetoa PIN au nywila kwa kudanganywa huonyeshwa mkataba: kuitunza siri ni jukumu lako. Faili linafungwa.

Wengine wameamua tofauti. Desemba 2021 wateja wa benki ya OCBC ya Singapore walianza kupata SMS bandia zenye kiungo, na hadi wizi ulipokoma watu wapatao 790 walikuwa wamepoteza dola za Singapore milioni 13.7. Benki iliwalipa. Januari 2022 mamlaka ya fedha ya nchi hiyo ikaziagiza benki ziondoe viungo katika SMS na barua pepe kwa wateja wa kawaida, na kifaa kipya kikisajiliwa kisianze kufanya kazi mpaka zipite angalau saa 12. Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tangu Oktoba 7, 2024, mteja aliyedanganywa akatuma pesa kutoka akaunti yake ya benki kwenda akaunti ya tapeli nchini humo hurejeshewa hadi pauni 85,000, na gharama wanagawana nusu kwa nusu benki iliyotuma na benki iliyompokelea tapeli.

Najua jibu la mabenki: wateja wakilipwa watakuwa wazembe. Waingereza walilifikiria hilo. Aliyefanya uzembe uliopindukia anaweza kunyimwa, na benki inaruhusiwa kukata pauni 100 za kwanza. Ninachokiona ni kwamba siku hasara ilipohamia kwa benki, ghafla benki nazo zilipata sababu ya kuwa makini.

Hapa kwetu bado napokea SMS za benki, za bima na za sacco zenye viungo vifupi visivyoeleweka vinakokwenda, zikiniambia nibonyeze nisasishe taarifa zangu. Siku inayofuata taasisi hiyo hiyo inanionya nisibonyeze viungo nisivyovijua. Jambo hili halihitaji kamati wala kongamano la Naivasha. Linahitaji waraka wa kurasa mbili: viungo vikome, kifaa kipya kisubiri, na taasisi iliyofungulia tapeli akaunti ibebe sehemu ya hasara. Singapore ilitoa agizo lake wiki chache tu baada ya wizi wa OCBC. Benki Kuu ya Kenya inayo mamlaka ya kuziagiza benki na watoa huduma za malipo, nayo haina sababu ya kungoja hadi wizi ufikie kiasi kile.